Mtaguso au Waraka? Utafiti juu ya Wakatoliki wa Marekani

Mwaka 1963, Wakatoliki 71 katika kila 100 nchini Marekani waliwaambia watafiti kwamba huhudhuria Misa kila juma. Mwaka 1974 swali hilohilo lilipoulizwa tena, waliojibu hivyo walikuwa 50. Waliokwenda kuungama walau mara moja kwa mwezi walishuka kutoka 38 hadi 17. Desturi iliyodumu kwa vizazi kadhaa ilitikisika katika muda wa miaka kumi na mmoja tu.

Aliyelichunguza jambo hilo ni Andrew Greeley (1928–2013), padre wa Jimbo Kuu la Chicago na mwanasosholojia. Matokeo aliyachapisha mwaka 1976 pamoja na William McCready na Kathleen McCourt.

Ugumu wa kazi yao ulikuwa huu: kati ya mahojiano hayo mawili yalitukia mambo makubwa mawili. Kwanza, Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano (1962–1965) uliruhusu lugha za wenyeji kutumika katika Misa mahali pa Kilatini, na ukabadili mengi mengineyo. Pili, mwezi wa Julai 1968 Papa Paulo wa Sita alitoa waraka uitwao Humanae Vitae, akashikilia katazo la kuzuia mimba kwa dawa au vifaa, ingawa wengi wa wajumbe wa tume ya washauri walikuwa wamependekeza mafundisho hayo yabadilishwe. Waliochukizwa na Mtaguso waliulaumu Mtaguso. Wengine waliulaumu waraka. Lakini jambo kufuata jingine si ushahidi kwamba limeletwa nalo. Jogoo huwika kabla ya mapambazuko, wala hakuna adaiye kwamba yeye ndiye alichomozaye jua.

Basi watafiti walifanyaje? Hawakuwauliza watu sababu za kuacha Misa, kwani mtu aghalabu hutoa sababu inayompendeza. Waliyapima maoni yao juu ya mambo mbalimbali, kisha wakatazama ni maoni gani yaliyobadilika sambamba na mahudhurio. Kama Mtaguso ndio uliowafukuza waamini, ingetazamiwa kwamba waliojitenga wangekuwa hasa wale wasiopenda mageuzi yake. Haikuwa hivyo: wengi waliyapokea mageuzi kwa furaha. Yaliyokwenda pamoja na kupungua kwa ibada ni maoni juu ya maadili ya ndoa na juu ya mamlaka ya Papa. Mwaka 1963, watu 70 katika 100 walikuwa na hakika kwamba Yesu alimkabidhi Petro na Mapapa uongozi wa Kanisa. Mwaka 1974 walikuwa 42.

Ilibaki hoja moja nzito. Huenda maisha ya mijini, elimu na televisheni vilikuwa vinawatoa watu wote katika dini. Mwaka 1987 Greeley na mwenzake Michael Hout waliijibu kwa kuwalinganisha Wakatoliki na Waprotestanti, watu wa miji ileile na shule zilezile. Mahudhurio ya Waprotestanti hayakuanguka namna hiyo. Ya Wakatoliki yalianguka kati ya 1968 na 1975, kisha yakatulia. Mwanafunzi wa sayansi ataitambua njia hii: ndiyo ile ya kuwa na kundi la kulinganishia katika jaribio la maabara.

Kwa viongozi wa Kanisa, habari hizo hazikuwa tamu. Walikuwa wameonjeshwa uchungu wake mapema, kwani maaskofu wenyewe ndio walioagiza uchunguzi wa maisha ya mapadre, na sehemu yake ya kisosholojia, iliyotoka mwaka 1972, ilikuwa ya Greeley. Humo ilionekana kwamba katika suala la uzazi mapadre wengi hawakuwa na msimamo mmoja na maaskofu wao. Kiongozi aagizaye utafiti hana budi kuwa tayari kwa jibu asilolipenda. Maaskofu wengi hawakulipokea vema.

Wako pia wanasayansi waliokuwa na mashaka. Mwaka 1993 Hadaway, Marler na Chaves walionyesha, kwa kuhesabu watu waliomo makanisani, kwamba mahudhurio halisi yalikaribia nusu tu ya yale yanayosemwa katika mahojiano. Kwa hiyo ile 71 haifai kusomwa kama idadi ya watu waliokuwamo kanisani. Hata hivyo, iwapo kiasi cha kutia chumvi kilikuwa kilekile miaka yote miwili, kushuka kunabaki kuwa kushuka.

Greeley mwenyewe hakukoma hapo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 2004 alirudi kwenye Mtaguso na kuupa uzito zaidi kuliko awali. Maaskofu walipopiga kura kuyabadili mambo yaliyodhaniwa kuwa hayabadiliki, alieleza, waamini na mapadre walianza kuamini kwamba mengine nayo yangeweza kubadilika. Waraka wa 1968 ukawakuta watu waliokwisha kuzoea wazo hilo.