Ila za Mashine Mpya: Jinsi Chuma Kinavyopimwa Katika Karakana za Mwadui na Geita

Mgodi wa almasi wa Mwadui, ambao mjiolojia wa Kanada John Thorburn Williamson aliuanzisha baada ya kuligundua chimbuko lake mwaka 1940, ulikulia katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, wakati mitambo ilipokuwa adimu na mafundi wachache, na karakana isiyoweza kuagiza chombo kingine ilikuwa haina budi kukijua barabara kile ilichonacho. Leo hali imegeuka. Mashine za kukereza, za kutoboa na za kusaga mawe hushuka kwa wingi bandarini Dar es Salaam, zikasambaa hadi Maganzo, Kahama, Katoro na Nyarugusu, nazo zimepakwa grisi na rangi inayong'aa. Na mnunuzi aliyekusanya bei ya mashine kwa taabu hutaka kuiona ikizunguka jioni ileile iliyofika. Naamini kwamba pupa hiyo ndiyo inayowapotezea mafundi wetu haki zao, kwa kuwa ila ya kiwandani huthibitishika kwa wepesi katika siku za mwanzo, kabla kazi yenyewe haijaacha alama zake juu ya chuma na kumpa muuzaji mahali pa kujitetea.

Asili ya ila nyingi imo katika kuzaliwa kwa chuma. Mwili wa mashine ya kukereza, pamoja na reli ambazo kisu hutembea juu yake, aghalabu hufanywa kwa chuma cha kusubu, ambacho huyeyushwa, humiminwa katika kalibu ya mchanga, na kuganda kabisa kwenye joto la karibu nyuzi 1,150 za Selsiasi. Kimechaguliwa kwa hekima: ndani yake mna chembe za grafiti, kaboni ileile ambayo katika almasi ya Mwadui imejipanga kwa namna nyingine, na chembe hizo hufifisha mtetemo na kupunguza msuguano. Lakini kipande kikubwa hakipoi kwa usawa. Kuta nyembamba hupoa na kunywea kwanza. Sehemu nene hubaki na joto, na zinapotaka kunywea kwa zamu yake huzikuta zile nyembamba zimekwisha kuwa ngumu, hazikubali tena kufuata. Hapo hufungika ndani ya chuma nguvu za kuvutana na kusukumana, zisizoonekana kwa jicho, ambazo hukaa katika mizani mpaka ngozi ya juu ikwanguliwe kiwandani ili kunyosha reli. Ndipo mizani inapovunjika, na chuma kikaanza kujipinda polepole, kwa wiki na kwa miezi. Wasubuji wa zamani walilijua jambo hili, wakaviacha vipande vyao uani, juani na mvuani, muda mrefu kabla ya kuvichonga. Viwanda vya leo huvitia tanurini kwa nyuzi 500 hadi 600, kisha huvipoza taratibu. Kiwanda chenye haraka ya kuuza huiruka hatua hiyo. Kwa hiyo mashine yaweza kutoka kiwandani imenyoka kweli, na karatasi yake ya vipimo ikawa ya haki, kisha ikafika Shinyanga imepinda. Nami naihesabu ila hiyo kuwa ya mtengenezaji, hata kama siku ile ya kupima hapakuwa na uwongo.

Ila ya pili ni mchanga wa ile kalibu. Usiposafishwa vyema hubaki katika pembe za giaboksi, umefunikwa rangi, na mafuta ya joto yanapoubandua huingia kati ya meno ya gia na ndani ya beringi. Mchanga huo kwa sehemu kubwa ni silika, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, na mashine iliyoendeshwa nao mwezi mmoja hupata uchakavu wa miaka. Dawa yake ni rahisi mno: kabla ya kuwasha, mafuta yamwagwe na kuchujwa kwa kitambaa cheupe, giaboksi isuuzwe kwa mafuta ya taa, na masimbi yatakayobaki kitambaani yapitishwe sumaku. Kinachonaswa ni unga wa chuma. Kisichonaswa aghalabu ni mchanga, nao utiwe katika chupa na kuhifadhiwa, kwani ni ushahidi.

Ila za safari sitazikalia sana. Sanduku lililoangushwa huonyesha miguu iliyopasuka na skrubu ndefu iliyopinda, na anayelipiga picha kabla ya kulifungua amejikinga vya kutosha.

Mashaka makubwa zaidi huzuka pale mashine inapokata vibaya na hakuna kilichovunjika. Profesa Georg Schlesinger wa Berlin, ambaye mwaka 1927 alichapisha kitabu cha taratibu za kupima mashine za karakana, na ambaye baadaye alikimbia utawala wa Wanazi akafia Uingereza mwaka 1949, alisisitiza kwamba mashine ihukumiwe kwa vipimo vilivyokubaliwa na pande zote mbili, wala si kwa sifa za muuzaji. Taratibu zake ndizo zilizozaa nyingi za zile zinazotumika duniani hadi sasa, na mojawapo ya majaribio ya jamii hiyo yaweza kufanywa hata Maganzo. Pau nene ya chuma, yenye kipenyo cha milimita 50 hivi, hushikwa upande mmoja tu, ikatokeza milimita 200 au zaidi bila kuegemezwa mwishoni. Katikati yake hupunguzwa ili ibaki na vikuku viwili, kimoja karibu na kichwa cha mashine na kimoja mwishoni. Kisha kisu kikali hupitishwa juu ya vyote viwili kwa mkato mmoja mwembamba, bila kuguswa chochote, maana mkato mzito ungeipinda pau yenyewe. Vikuku hupimwa kwa mikromita. Vikilingana, mashine ni ya kuaminika. Vikitofautiana kwa sehemu chache za mia za milimita, na sehemu moja ya mia ya milimita ni kama sehemu ya saba ya unene wa unywele, shafti ndefu itakayokerezwa hapo itatoka na umbo la pia, na beringi haitaikaa.

Hata hivyo, tofauti hiyo haitoshi kumhukumu mtengenezaji. Kichwa cha mashine chaweza kuwa kimefungwa upogo tangu kiwandani, lakini pia mwili wote waweza kuwa umesokotwa na sakafu, kwa kuwa chuma kilichokazwa kwa bolti juu ya saruji isiyo sawa hufuata umbo la saruji, na kisu kinachosafiri juu ya reli zilizosokotwa huisogelea kazi au kuikimbia. Fundi aweke pimamaji ya karakana, si ile ya waashi, ikingame juu ya reli, kwanza karibu na kichwa kisha mwishoni. Kiputo kikibadilika, arekebishe skrubu za miguu mpaka kitulie mahali pamoja pande zote mbili, ndipo akate vikuku upya. Tofauti ikitoweka, mdaiwa alikuwa sakafu. Ikibaki vilevile, dai sasa lina miguu.

Huko Rwamgasa na Nyarugusu, mkoani Geita, chombo kinachotawala ni karasha, lile pipa la chuma lenye gololi ndani, linalosaga mawe ya dhahabu yawe unga kabla ya kupelekwa mwaloni kuoshwa. Dosari yake mashuhuri ni uchomeleaji. Mshono wenye ufa huvujisha unga, na unga huo una madhara mara mbili: una dhahabu ya mchimbaji, na una vumbi la silika ambalo likivutwa kwa muda mrefu huyaletea mapafu makovu yasiyopona. Kuungoja uvuje ni kuwadhulumu wanaofanya kazi karibu nalo. Karakana za reli zilikwisha kuionyesha njia tangu karne ya 19, zilipokagua ekseli za magari yao kwa mafuta na chaki, nayo haihitaji umeme wala mtaalamu wa mbali. Upande wa nje wa mshono hupakwa chokaa nyepesi ikaachwa ikauke, na upande wa ndani hupakwa mafuta ya taa. Mafuta haya yana mvutano wa uso ulio chini ya nusu ya ule wa maji, kwa hiyo hupenya hata katika ufa usioonekana. Na baada ya muda mstari mweusi wa unyevu hujichora juu ya weupe wa chokaa, mahali hasa penye ila. Picha ya mstari huo, yenye tarehe na namba ya mashine, ina nguvu kuliko barua kumi za malalamiko.

Sheria nayo humsaidia aliyewahi. Waswahili wa pwani waliofuata madhehebu ya Shafii walijua zamani kwamba mnunuzi aliyegundua aibu iliyofichika ana hiari ya kurudisha mali, lakini akiendelea kuitumia baada ya kuijua hiari hiyo humponyoka. Na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iliyotokana na ile ya Waingereza, inakaribiana nayo, kwani humpa mnunuzi nafasi ya kukagua, lakini humhesabu kuwa amekubali endapo atakaa na bidhaa kupita muda wa kiasi bila kumwarifu muuzaji kwamba ameikataa. Cheti cha Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975, ni kinga ya kweli, lakini hakichukui nafasi ya kuipima mashine moja moja, na anayetazamia ubishi na amwombe fundi wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, au mwalimu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ashuhudie vipimo na kutia sahihi yake.

Limebaki jambo la ardhi yetu wenyewe. Sehemu kubwa ya Usukuma ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi ambao chembe zake hunywa maji na kuvimba, kisha hunyauka na kupasuka wakati wa kiangazi, na sakafu nyembamba iliyomiminwa juu yake hupanda na kushuka pamoja nao. Kwa hiyo vikuku vilivyolingana Oktoba vyaweza kutofautiana Machi bila mtu yeyote kukosea, isipokuwa aliyejenga bila kuondoa udongo huo na kushindilia kokoto. Anayetaka kujua ukweli apime mashine yake mwishoni mwa mvua na tena mwishoni mwa kiangazi, akiandika kila kipimo daftarini pamoja na hali ya pimamaji. Kombo likigeuka upande pamoja na majira, atengeneze sakafu; likizidi kuelekea upande uleule mvua na kiangazi, ni chuma kinachojipinda kwa nguvu zilizofungwa ndani yake tangu kalibuni, na daftari hilo lipelekwe kwa muuzaji kabla muda wa dhamana haujapita.