Nani hasa aliyechapisha kitabu chako?

Ukikaa nusu saa mbele ya duka la vitabu pale Ukunda, hukosi tetesi. Fulani "katoa kitabu". Fulani mwingine "kapata mchapishaji Nairobi", na habari yenyewe inasimuliwa kwa sauti ya mtu anayetangaza posa. Wa tatu kitabu chake "kimetoka, ila hakionekani". Nimezisikia habari hizi kuanzia Diani hadi Msambweni, na kila nikizisikia swali la sarufi hunijia kabla ya swali la fasihi. Katika vitenzi hivyo, mtendaji ni nani?

"Katoa" haitusaidii. Aliyetoa pesa katoa, aliyetoa maandishi katoa, na aliyezitoa nakala mtamboni pia katoa. "Kimetoka" ndiyo mbaya zaidi, maana kitabu kinajitokea chenyewe kama mwezi wa Ramadhani. Lakini Kiswahili kina kitenzi kinachoijua siri yote, nacho ni kuchapisha.

Hebu tukifungue. Ndani yake mna chapa, neno tulilolipata kutoka Kihindi, lenye maana ya alama au mhuri. Wazee walisema kupiga chapa, na hadi leo serikali ina Mpiga Chapa wake. Baadaye chapa ikatumika pia kama kitenzi. (Ile chapa ya bakora tuiache, ingawa wapo waandishi watakaosema maumivu ni yale yale.) Ukiongeza -ish- unapata kauli ya kutendesha: kufanya kazi itendeke, si lazima uitende kwa mikono yako. Asiyependa istilahi za sarufi amfikirie fundi cherehani. Unapeleka kitambaa, fundi anashona, wewe unalipa. Ukirudi nyumbani unasema, "Nimeshonesha kanzu," na hakuna anayedhani ulikalia cherehani. Vivyo hivyo mjomba aliyekulipia karo "alikusomesha" hata kama hakukanyaga darasa lako. Najua kwamba huku Pwani kusomesha ni kufundisha pia, kwa hiyo msiniandikie barua.

Basi mchapaji ni mwenye mtambo. Mchapishaji ni yule anayeifanya kazi ichapwe: anaupokea mswada, anamlipa mhariri, anamlipa mchoraji, anamlipa huyo mwenye mtambo, kisha anakihangaikia kitabu sokoni. Kisipouzwa, hasara ni yake. Silabi moja tu ndiyo inayowatenganisha wawili hawa, na silabi hiyo ina pesa ndani yake.

Nayasema haya kwa sababu ya mwalimu mmoja mstaafu wa Msambweni. Kwa miaka mingi alikusanya maneno ya wavuvi kuanzia Gazi hadi Vanga: majina ya samaki, ya pepo, ya nyavu na ya sehemu za ngalawa. Alipomaliza, akaambiwa kuna mchapishaji mjini. Akalipa shilingi 120,000, akaletewa nakala 500 ndani ya maboksi, nayo maboksi yakapangwa sebuleni karibu na mtungi wa maji. Mtaani ikavuma kwamba Mwalimu kachapishwa. Shule mbili zilipotaka nakala zaidi, akarudi kule kule. Akaambiwa bei imepanda, tena hana ruhusa ya kwenda kwingine, kwa kuwa ukurasa wa pili wa kitabu unasema hakimiliki ni ya kampuni.

"Sasa mwanangu," akaniuliza, "mimi ni nani katika kitabu changu?"

Nilimjibu kwa sarufi kwanza. Mwalimu, pesa ni zako, hasara ni yako, maboksi yako kwako. Wewe ndiwe uliyechapisha. Wale walichapa tu. Neno "Mchapishaji" walilolitia chini ya jina la kampuni yao ni kama fundi kushona jina lake kifuani mwa kanzu yako, kisha akudai kodi kila unapoivaa Ijumaa.

Bahati nzuri sheria haipingani na sarufi hapa. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, haki ni ya mtunzi tangu kazi inapoandikwa, nayo huendelea hadi miaka 50 baada ya kifo chake. Haihami kwa maneno ya mdomo wala kwa alama iliyopigwa ukurasa wa pili. Ili kumpa mtu mwingine haki hiyo lazima pawe na maandishi yenye saini. Mwalimu hakutia saini kokote. Alichonacho ni risiti, nayo imeandikwa "kuchapa vitabu 500". Ama kweli karani wa risiti alikijua Kiswahili kuliko bosi wake.

Kilichobaki ni ile nambari ndefu ya kimataifa iliyo nyuma ya kitabu, ISBN. Kwa vitabu vya Kenya, mara nyingi huanza na 978-9966 au 978-9914. Tarakimu za katikati humtaja mchapishaji, kwa hiyo nambari ya kitabu cha Mwalimu inaelekeza kwenye kampuni, si kwake. Anaweza kuomba yake mwenyewe kwa Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, ambayo ndiyo inayozitoa nchini. Nilipomwambia hivyo aliniuliza kama fomu zenyewe ni za Kiswahili. Nikabadilisha mazungumzo.

Mtu atauliza kwa nini hakupeleka maandishi yake kwa mchapishaji wa kweli. Alipeleka, mara mbili, na hakujibiwa. Wala si ajabu. Kampuni zetu kubwa huishi kwa vitabu vya shule, na tangu mwaka 2018, serikali ilipoanza kununua vitabu vya kiada na kuvipeleka shuleni moja kwa moja, mbio zote ni za kuidhinishwa kwenye orodha hiyo. Wenye maduka waliumia, mpaka wengine wakageukia kalamu, sare na kutoa fotokopi. Tena vitabu vimo katika kodi ya VAT ya asilimia 16 tangu sheria ya mwaka 2013. Katika hesabu hiyo, orodha ya samaki na nyavu za Vanga haina mnunuzi.

Haikuwa hivyo sikuzote. Mwaka 1982 Oxford University Press ya Nairobi ilitoa Malenga wa Vumba, diwani ya Boukheit Amana, ikiufuata mtindo wa Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir ya mwaka 1971. Jina la Vumba, kipande chetu hiki cha kusini, liliwekwa juu ya jalada na kampuni iliyokuwa ikitumia pesa zake yenyewe. Kidigo nacho kilipata kamusi mwaka 2004, Mgombato, yenye maelezo kwa Kiingereza na Kiswahili, iliyotolewa na shirika la tafsiri la BTL. (Mvita akiliona jina hilo atadhani ni ugomvi, kwa Mdigo kugomba ni kusema tu.) Hata Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipotunukiwa Nobel mwaka 2021, hapakuwa na riwaya yake hata moja ya kusomwa kwa Kiswahili. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya mwaka 1994, ilitolewa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam mwaka 2022. Kazi ya mwandishi, ya mfasiri na ya mchapishaji pale zinatambulikana, kila mtu na yake.

Kuna maneno mengine mawili yanayowaponza waandishi wetu. La kwanza ni mswada. Asili yake ni Kiarabu, kutoka mzizi wa weusi: karatasi iliyotiwa wino, yaani rasimu. Tanzania wengi hutenga mswada wa mwandishi na muswada wa Bunge. Sisi Kenya tumeufanya mmoja ubebe mizigo yote miwili, na mwaka 2024, nchi nzima ilipokuwa ikiukataa Mswada wa Fedha, mwandishi aliyesema mswada wake umekataliwa alipewa pole ya kisiasa. Mimi ningependa tuuchukue utengano wa Watanzania bila aibu. Hautugharimu kitu.

La pili ni mrabaha, malipo ya mwandishi kwa kila nakala inayouzwa. Hili pia ni la Kiarabu, na mzizi wake ni faida. Taabu ni kwamba huku kwetu watu wamelizoea ndugu yake, murabaha, kwenye benki za Kiislamu: benki inakununulia pikipiki kisha inakuuzia kwa faida mnayokubaliana. Nimemsikia kijana wa Diani akimwonya mshairi asikubali mrabaha eti atakuwa na deni! La hasha. Katika murabaha wewe ndiwe unayelipa. Katika mrabaha wewe ndiwe unayelipwa.

Ila ukilipwa, ujue asilimia ni ya nini. Chukua kitabu cha shilingi 500 na mrabaha wa asilimia 10. Ikiwa mkataba unasema asilimia ya bei ya dukani, una shilingi 50 kwa nakala. Ukisema asilimia ya mapato ya mchapishaji, na duka limepunguziwa asilimia 30, basi mchapishaji kapokea 350 na wewe una 35. Kwa nakala 1,000 tofauti ni shilingi 15,000, na imejificha kwenye neno moja, "mapato". Waandishi husoma jalada la kitabu chao mara mia, mkataba mara moja, tena wakiwa wima.

Na yule anayelipia kila kitu mwenyewe tumwiteje? Nimesikia "mjichapishaji", neno ambalo halikosi sarufi lakini linakwaza ulimi. Mwandishi-mchapishaji latosha, na halina unyonge wowote. Unyonge ni kulipa kama mchapishaji na kutendewa kama mteja.

Nimalizie na toleo na chapa, maana msimu wa kununua vitabu hautuishi. Kitabu kikirudishwa mtamboni bila kubadilishwa neno, hiyo ni chapa ya pili, ya tatu, hata ya kumi. Kikipitiwa upya, kikaongezwa sura au kikasahihishwa kwa kiasi kikubwa, hapo ndipo tunapopata toleo la pili. Wauzaji wengine huita kila chapa "toleo jipya" ili mzazi asikubali nakala ya kaka mtu aliyemaliza mwaka jana. Fungua ukurasa wa hakimiliki usome miaka. Ukiona mwaka mmoja wa toleo na mistari kadhaa ya chapa chini yake, kitabu cha kaka ni kile kile, na kurasa zake zina nambari zile zile. Na ukiona ukurasa huo haupo kabisa, au wino wake unakuachia weusi kidoleni, wewe una nakala ya kiharamia, na mwandishi wake hapati hata hizo shilingi 35.