Chensoo ya kuangushia mninga: usinunue cc tupu

Mtu wa Kakese, mkoani Katavi, akienda Mpanda mjini kutafuta chensoo mpya, swali lake la kwanza dukani huwa moja: ipi kubwa zaidi? Namwelewa. Ile ya cc 45 aliyoanza nayo inatosha kwa matawi ya mwembe na miti ya kujengea. Akiingia kwenye shina la mninga lenye unene wa sentimita 70, mnyororo unalemewa katikati ya mti, klachi inanuka moto, naye anabaki kusukuma kwa mikono kazi ya injini. Ana kila sababu ya kutaka nguvu zaidi. Ninachomwomba ni kwamba asinunue cc peke yake.

Kwanza atazame kinachotoka kwenye mti anapokata. Mnyororo wenye makali hutema chembe nene. Mnyororo butu hutoa unga. Ukiona unga, shida ni meno, na hata ukinunua mashine ya bei mara tatu utaona unga uleule. Mnyororo wa kisasa unatokana na kazi ya Joseph Cox wa Oregon, Marekani, ambaye mwaka 1946 alimtazama buu wa mbawakawa akitafuna kisiki, taya moja likienda kushoto na jingine kulia, na mwaka uliofuata akaanza kuuza mnyororo wenye meno ya namna hiyo. Meno hayo hunolewa kwa tupa ya duara yenye kipimo chake: milimita 5.2 kwa mnyororo wa 3/8, milimita 5.5 kwa ule mkubwa wa .404. Miti yetu ya miombo haina huruma. Mninga, mkurungu na mtundu si paini ya Sao Hill. Tupa ikae mfukoni, na meno yaguswe kila unapojaza mafuta.

Kama meno ni makali na mashine bado inalemewa, hapo ni nguvu. Kwa miti ya Katavi mimi ningeanzia cc 70. Stihl MS 250 ina cc 45.4 na kilowati 2.3. MS 381 ina cc 72.2 na kilowati 3.9, na Husqvarna 372 XP ina cc 70.7 na kilowati 4.1. Juu yake kuna MS 661 ya cc 91.1 na kilowati 5.4, ila ina kilo 7.4 kabla hujafunga ubapa, kile chuma kirefu kinachobeba mnyororo, wala kujaza mafuta. Ibebe kutwa nzima porini, kwenye jua la Oktoba, utajua kilo hizo zina maana gani. Mikono iliyochoka ndiyo inayoachia mashine.

Wengi wanapotea kwenye ubapa. Ukifunga ubapa wa inchi 25 kwenye injini ya cc 45, meno mengi yanauma mti kwa pamoja na injini haiyawezi. Kwa cc 70, inchi 20 hadi 25 zinatosha. Inchi 25 ni kama sentimita 63, na mti mnene kuliko ubapa huangushwa kwa kukata pande zote mbili, hivyo fundi anayejua kazi anashusha shina la mita moja bila kuhitaji ubapa wa inchi 36.

Shina la sentimita 70 unalikata mdomo upande linakoangukia, kina kama robo ya unene. Kisha unakata kutoka nyuma, ukiacha bawaba ya mti mzima ya sentimita saba hivi, na kabari unaichomeka mara ubapa unapozama. Bawaba ndiyo inayouongoza mti. Ukiikata yote, mti unaanguka unakotaka wenyewe. Njia ya kukimbilia, ya mshazari kuelekea nyuma, isafishwe kabla ya kuwasha.

Inaniuma kuona vijana wakifanya kazi hii wamevaa ndala. Ncha ya ubapa ikigusa mti, mashine inaruka kuelekea uso kabla hujapepesa jicho. Breki ya mnyororo ifanye kazi, na fedha ya kofia na buti ihesabiwe kama sehemu ya bei ya chensoo.

Kibali cha kuvuna nacho kiwe mkononi kabla ya mti kuguswa, na magogo yagongwe nyundo ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kabla ya kusafirishwa. Mwaka 2022 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kuweka jamii yote ya mninga ya Afrika, mkurungu ukiwemo, chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa. Mninga huchukua zaidi ya nusu karne kufikia unene wa kuvunwa. Mashine yenye nguvu inaumaliza kwa dakika chache.

Anayenunua iliyotumika aiinue kwa kamba ya kuwashia, injini ikiwa imezimwa. Ikishuka taratibu, kwa kusita, pistoni bado inabana. Ikidondoka moja kwa moja, airudishe mezani.