Nunua Gari, Si Injini: Utangulizi wa Elimu ya Kubadili Injini

Hilux ya dizeli ya miaka ya 1990 haina adui mkubwa kuliko mlima. Chesisi yake ni imara, bodi inatengenezeka, spea zimejaa mjini. Lakini ipakie mzigo uipandishe mlima wa Kitonga, utamwona dereva anashusha gia hadi ya pili huku foleni ikijipanga nyuma yake. Gari jipya bei yake haishikiki. Ndipo mwenye gari anapojiuliza: kwa nini nisifunge injini kubwa zaidi?

Swali hilo si geni. Limeulizwa tangu magari yalipokuwa machanga, na majibu yake yamekusanyika yakawa elimu yenye historia, kanuni na hesabu zake. Utangulizi huu ni wa yule anayeisogelea kwa mara ya kwanza: mwanafunzi wa ufundi magari, fundi aliyezoea kurudishia injini ya aina ileile, au mwenye gari anayetaka kumwelewa fundi wake. Si lazima uwe umeshika spana ili kuufuata. Inatosha kukubali wazo moja ambalo mengine yote yanalizunguka: injini haifanyi kazi peke yake. Ina giaboksi iliyotengenezewa, rejeta iliyopimiwa, waya, pampu na mabomba yanayolingana nayo. Anayenunua injini tupu amenunua tatizo. Anayenunua gari zima lenye injini hiyo, hata kama limegongwa ubavuni au bodi imeoza, amenunua tatizo pamoja na majibu yake. Hilo ndilo gari la kuchinja, na ndilo mwalimu mkuu wa somo hili.

Elimu hii ilikotoka

Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa gari la bei nafuu lenye injini ya V8 ya lita 3.6 na nguvu za farasi 65. Model A iliyoitangulia ilikuwa na silinda nne na farasi 40. Vijana wa California hawakuchelewa. V8 za magari yaliyopata ajali zilitolewa na kufungwa kwenye Model A, gari jepesi lililokuwa limejaa mitaani kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo ufundi huu ulipopata umbo tunalolijua: gari la zamani linalopendwa, gari jipya zaidi lililoharibika, na mtu mwenye subira katikati yao.

Uingereza ilichangia somo la uzito. Gari dogo la michezo la MGB lilitoka kiwandani na injini ya cc 1798. Fundi Ken Costello alianza kulifungia V8 ya Rover yenye cc 3528. Ungetarajia pua ya gari ilemewe, lakini haikulemewa sana, kwa sababu bloku na hedi za V8 hiyo ni za alumini, wakati injini ya awali ilikuwa ya chuma kizito. Wazo lilikuwa zuri kiasi kwamba mwaka 1973 kiwanda chenyewe kikaanza kuuza MGB GT V8. Hapo mwanafunzi wa fani hii hujifunza kuuliza kilo kabla ya kuuliza cc.

Madaraja matatu ya udugu

Ugumu wa kazi hutegemea udugu uliopo kati ya injini mbili. Daraja la kwanza ni injini za ukoo mmoja. Dizeli za Toyota za ukoo wa L ni mfano ulio karibu nasi: 2L ina cc 2446, 3L ina cc 2779 na 5L ina cc 2986. Zimekulia kwenye Hilux na Hiace zilezile, na kutoka moja hadi nyingine kazi kubwa ni ya kufungua na kufunga. Faida nayo ni ya kiasi.

Daraja la pili ni injini za kampuni moja lakini koo mbalimbali. Huu ndio mfano tutakaoutumia: kutoa 3L kwenye pikapu ya Hilux na kufunga 1KZ-TE ya cc 2982, yenye tabo, kutoka kwenye Hilux Surf ya mwaka 1993 au baada yake. Ukitazama cc pekee utaona nyongeza ndogo. Tazama nguvu: 3L hutoa takriban farasi 90, 1KZ-TE takriban 130. Na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, hupanda kutoka karibu Nm 190 hadi karibu 290, tena hupatikana mapema, kwenye mizunguko 2000 hivi kwa dakika. Kwenye mlima, torki ya mapema ndiyo inayomwokoa dereva asishushe gia.

Daraja la tatu ni injini na gari la makampuni tofauti. Jeshi la Australia lilipoagiza Land Rover zake katika miaka ya 1980, zilijengwa zikiwa na dizeli ya Isuzu 4BD1 ya cc 3856. Kwa hiyo jambo hilo linawezekana, na Land Rover za zamani zenye injini za Kijapani hazitushangazi hapa Afrika Mashariki. Lakini hapa injini na giaboksi hazijuani. Hulazimu kuchonga bamba la kuunganisha, na bamba hilo likipotoka hata sehemu ya milimita, shafti ya giaboksi haitakaa katikati ya krenki, na beringi zitakufa mapema. Kazi hiyo ni ya karakana yenye mashine ya kukerezea na mtu anayejua kuitumia. Anayeanza asianzie hapo.

Gari la kuchinja linavyofundisha

Faida ya kwanza ya gari zima ni kwamba unaweza kuliwasha. Injini iliyolala sakafuni dukani haisemi chochote, ya kwenye gari inaongea. Kwa 1KZ-TE uchunguzi huu ni wa lazima, maana hedi yake inajulikana kwa kupata ufa ikishachemka. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya baridi kabisa. Angalia kama maji yana mafuta juu. Washa, acha iungurume, tazama kama mapovu yanatoka mfululizo. Kisha, injini ikiwa bado ya baridi, funga kifuniko na ubonyeze hosi ya juu kila baada ya muda mfupi: ikiwa ngumu kabla maji hayajapata moto, gesi ya mwako inapita kwenda kwenye maji. Achana na gari hilo, au shusha bei hadi ilipe hedi mpya.

Faida ya pili ni vipimo. Kabla ya kulegeza bolti hata moja, pima feni iko umbali gani na rejeta, injini imelala kwa pembe gani, krosi za propela zimekaa vipi. Kila plagi ya waya iandikwe jina kabla ya kuchomolewa. Mhandisi wa kiwandani aliyajibu maswali hayo kwa fedha na muda ambao wewe huna. Yanakili majibu yake kabla hujayavuruga.

Faida ya tatu ni vitu vidogo. Pampu ya 3L ni ya kimakanika, na kuizima ni kukata umeme kwenye waya mmoja. Ile ya 1KZ-TE inaendeshwa na kontroli boksi inayosoma sensa kadhaa, ikiwemo ya pedali ya mafuta. Ukiwa na gari zima unahamisha seti nzima ya waya, kontroli boksi yake na soketi zake. Ukiwa na injini tupu, utazunguka maduka ya spea ya Gerezani au Grogan ukitafuta sensa moja wiki nzima. Hata nusu gari, yaani kichwa kilichokatwa nyuma ya viti vya mbele kinacholetwa kutoka Japani au Sharjah, huja bila propela kamili, difu ya nyuma wala tangi. Ni bora kuliko injini tupu, lakini si sawa na gari zima.

Hata hivyo mwalimu huyu hajui yote. Surf ina springi za kujitegemea mbele, na difu yake ya mbele imefungwa kwenye chesisi, haisogei. Pikapu yako huenda ina ekseli ya chuma mbele, juu ya majani ya springi, na ekseli hiyo hupanda gurudumu likigonga tuta. Sampu, yaani bakuli la mafuta lililo chini ya injini, iliyochongwa kwa ajili ya Surf inaweza kuonekana ina nafasi ya kutosha gari likiwa limesimama gereji, kisha ikagongwa na difu siku ya kwanza barabarani. Ndiyo maana nafasi hupimwa springi zikiwa zimebanwa hadi mwisho wake. Kila gari la kuchinja lina jambo moja kama hili ambalo halikujibu, na kazi ya msomi ni kulitafuta kabla ya jambo lenyewe kumtafuta yeye.

Hesabu mbili za kuanzia

Ya kwanza ni ya difu. Chukulia tairi yenye mzingo wa mita 2.2. Kwa kilomita 100 kwa saa gari hupita mita 1,667 kwa dakika, hivyo tairi huzunguka mara 758 hivi. Zidisha kwa uwiano wa difu, kisha kwa uwiano wa gia ya tano. Difu ya 4.9 na gia ya 0.85 hukupa mizunguko ya injini ipatayo 3,160 kwa dakika. Difu ya 4.1 hukupa 2,640. Injini yenye torki ya mapema haihitaji ile difu fupi ya 4.9 iliyowekwa kuisaidia injini dhaifu. Ukiiacha, utachoma dizeli bure na kupoteza utulivu. Kumbuka pia kwamba kwenye gari la magurudumu manne, difu za mbele na nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja.

Ya pili ni ya breki. Nishati inayobebwa na gari huongezeka kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 80 hadi 120 kwa saa, mwendo umeongezeka kwa nusu, lakini kazi ya breki imekuwa mara 2.25. Gari lililoongezewa nguvu bila kuongezewa breki halijaboreshwa. Vivyo hivyo joto: karibu theluthi ya nishati ya mafuta huishia kwenye maji ya rejeta, hivyo rejeta ya injini kubwa ihame pamoja na injini yake.

Karatasi

Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari Tanzania na kwenye logibuku Kenya. Ikibadilika, mamlaka ya usajili lazima ijulishwe, TRA kwa Tanzania na NTSA kwa Kenya, na kampuni ya bima pia. Gari la kuchinja liwe na hati halali za mauziano, kwa sababu injini ya wizi haitakasiki kwa kufungwa kwenye gari halali.

Neno kwa anayeingia

Anza na daraja la kwanza au la pili. Tafuta vitabu vya ufundi vya magari yote mawili, la kupokea na la kuchinja, uvisome sambamba. Piga bajeti inayojumuisha breki, rejeta, eksozi na usajili. Kama fedha zinatosha injini tu, hazitoshi. Baada ya kazi, uza kilichobaki cha gari la kuchinja: milango, viti, vioo na tairi hurudisha sehemu ya gharama. Na usiliuze mapema. Mabaki yake yakae uani hadi gari lako litembee, lipakie mzigo, lipande mlima na lishuke salama, kwa sababu hadi siku hiyo bado utakuwa na maswali ya kuliuliza.