Dawa za Moyo (3): Mswaki wa Bwana Kirk

Habari ya Agosti 2025 kutoka mkutano wa madaktari wa moyo mjini Madrid imenichangamsha. Wagonjwa zaidi ya 1,200 wa Ujerumani, Austria na Serbia, wenye moyo uliodhoofika, walijaribiwa dijitoksini, na jumla ya vifo na kulazwa ikapungua. Dawa hii ni ndugu wa dijoksini, kidonge kidogo ambacho madaktari vijana walikwisha kukiona cha kizee. Wiki iliyopita tuliona inavyozuia pampu ya chumvi katika seli hata moyo ukabana kwa nguvu. Leo niliahidi madhara yake, lakini siwezi kumruka Kirk.

Huyu ndiye John Kirk aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Unguja, akambana Seyyid Barghash mwaka 1873 mpaka soko la watumwa likafungwa. Kabla ya hapo alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea katika msafara wa Livingstone wa mto Zambezi. Wawindaji wa huko walipaka mishale yao sumu ya mmea, iitwayo kombe. Kirk akaitia mfukoni, mswaki wake humo humo. Alipousugua, uchungu ulimjaa kinywani na mapigo ya moyo yakashuka! Mmea ule ulifika Edinburgh kwa Thomas Fraser, ukazaa strofanthini, dawa ya moyo ya jamii moja na dijoksini. Wagiriama nao wana sumu ya namna hiyo, utsungu, neno lile lile la uchungu wetu.

Mswaki umeingia katika historia. Mwindaji, aliyejua kukata nyama ya kandokando ya jeraha ndipo ale, hakuna aliyeandika jina lake. Hili linaniudhi tangu ujana. Na si Afrika tu. Mwaka 1775 daktari Mwingereza William Withering aliulizwa kuhusu dawa ya uvimbe ya bibi mmoja wa Shropshire, mchanganyiko wa mitishamba 20 na ushei. Akatambua kwamba nguvu yote imo katika mmea wa dijitalisi, jamii inayotoa dijoksini. Jina la bibi hakulitaja. Hilo la “Mother Hutton” lilizuka katika matangazo ya dawa ya karne ya 20.

Sifa ya Withering ni uaminifu. Alichunguza miaka 10, na kitabu chake cha 1785 kikasimulia hata walioshindwa kupona. Humo mna kichefuchefu, kutapika, kuona vitu vya kijani au njano, mapigo kushuka hadi 35 kwa dakika. Dalili za dawa kuzidi mwilini leo ni hizo hizo, pamoja na kupoteza hamu ya chakula, ambako nyumbani husingiziwa uzee.

Kiasi kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana mno. Figo zikichoka, dijoksini hulimbikizana mwilini. Potasiamu hugombea nafasi ile ile kwenye pampu. Ikipungua kwa kuharisha au kwa vidonge vya kukojoza, dawa hung'ang'ania zaidi. Kwa hiyo mwenye kumeza dijoksini ahesabu mapigo kila asubuhi. Yakiwa chini ya 60, ampigie daktari kabla ya kumeza. Na wewe unayemgawia jirani vidonge vyako kwa huruma, acha. Hujui figo zake zikoje, na wala yeye hajui.

Wiki ijayo: vidonge vya kukojoza.