Ukihamia Uingereza, jiandikishe kabla hujaugua

Ndugu zetu wa Pwani wanaohamia Uingereza hulipia matibabu kabla hawajapanda ndege. Anayeomba viza ya zaidi ya miezi 6 hutozwa ada ya afya papo hapo: pauni 1,035 kwa kila mwaka, au pauni 776 kwa mwanafunzi na mtoto. Viza ya miaka 3 kwa mtu mzima ni pauni 3,105, kwa mkupuo. Wenye viza ya wahudumu wa afya husamehewa.

Lakini kulipa si kuandikishwa. Ukifika tu, nenda zahanati iliyo karibu na unapokaa, ujaze fomu ya daktari wa mtaa, wanayemwita GP. Ni bure, hata kama huna kitambulisho wala barua yenye anwani. Kwa maradhi mengi, yeye ndiye anayekuandikia uende kwa daktari bingwa.

Na mama anayekwenda kwa viza ya matembezi kumsaidia bintiye aliyejifungua? Hiyo ada hakuilipa. Chumba cha dharura atatibiwa bure, ila akilazwa atadaiwa asilimia 150 ya gharama. Mkatieni bima ya safari mapema, msije mkamchangia deni ukoo mzima.