Mzazi, pampu inayoleta nafuu haraka siyo inayomkinga mtoto na pumu

NYUMBA nyingi zenye mtoto mwenye pumu zina pampu mbili. Moja, mara nyingi ya bluu, imechakaa kwa kushikwa. Nyingine, mara nyingi ya kahawia, bado inang'aa kama ilivyotoka duka la dawa. Ukimuuliza mzazi sababu, atakujibu: "Ya bluu inasaidia, hii nyingine sioni kazi yake."

Ni jibu la mtu anayeamini anachokiona. Lakini ndilo linalowarudisha watoto wengi wodini usiku.

Kifuani kuna nini?

Mtoto mwenye pumu huwa na uvimbe ndani ya mirija ya hewa hata siku anayocheza vizuri. Uvimbe huo haumuumi, na wewe huusikii. Akikutana na vumbi, moshi wa mkaa, mafua au baridi ya alfajiri, mambo matatu hutokea: misuli inayozunguka mirija inajikaza, uvimbe unaongezeka na makamasi mazito yanajaa. Njia inakuwa nyembamba, na kifua kinaanza kutoa mlio kama filimbi.

Dawa iliyoandikwa salbutamol, ambayo ndiyo huwa kwenye pampu ya bluu, hushughulikia jambo moja tu kati ya hayo. Inalegeza misuli. Ndani ya dakika chache mtoto anapumua, na nafuu hiyo hudumu kati ya saa nne na sita. Uvimbe unabaki palepale.

Pampu ya kahawia huwa na dawa ya jamii ya steroidi, kama ile iliyoandikwa beclomethasone au budesonide. Kazi yake ni kupunguza uvimbe, na huifanya polepole, kwa siku hadi wiki kadhaa. Ukimpa mtoto leo usitarajie mabadiliko leo. Matokeo yake ni usiku ambao mtoto hakuamka kukohoa, na mzazi huwa hahesabu usiku wa namna hiyo.

Usitegemee rangi peke yake, kwa kuwa viwanda hutofautiana. Soma jina la dawa. Wapo pia wanaoandikiwa pampu moja yenye dawa za aina zote mbili, hivyo fuata maelekezo ya daktari wako.

Hatari ya kutegemea nafuu

Mwaka 2014 Uingereza ilichapisha tathmini ya kitaifa ya vifo vilivyotokana na pumu. Kati ya marehemu 165 ambao idadi ya pampu zao za kutuliza ilijulikana, 65 walikuwa wameandikiwa zaidi ya pampu 12 ndani ya mwaka mmoja. Walikuwa na dawa ya nafuu kwa wingi, na nafuu hiyo ilificha uvimbe uliokuwa ukiongezeka.

Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, unaojulikana kama GINA, haushauri tena mtu mzima au kijana wa kuanzia miaka 12 kutibiwa kwa pampu ya salbutamol peke yake.

Kwa mzazi, kipimo ni rahisi. Kama mwanao anahitaji pampu ya nafuu zaidi ya siku mbili kwa wiki, au anaamka usiku kwa kukohoa na kubanwa, pumu yake haijadhibitiwa. Mrudishe kliniki hata kama mchana anakimbia na wenzake.

"Pampu itamzoesha"

Hofu hii ndiyo huwafanya wazazi wengi wachague dawa ya maji au vidonge. Tuangalie hesabu. Kijiko cha mililita 5 cha dawa ya maji ya salbutamol huwa na miligramu 2. Pafu moja la pampu huwa na mikrogramu 100. Kijiko kimoja, basi, ni sawa na pafu 20.

Dawa ya kunywa hupita tumboni na kwenye damu, ikazunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani. Ndiyo maana mtoto hutetemeka mikono na moyo kumwenda mbio. Pampu hupeleka kiasi kidogo moja kwa moja kwenye mirija, na hailevyi wala haileti uteja.

Steroidi ya kuvuta nayo ina madhara yake, ila ni madogo. Inaweza kuleta utando mweupe mdomoni, hivyo mtoto asukutue na kutema kila baada ya kuvuta. Inaweza pia kupunguza kimo chake kwa takriban sentimita 1. Zungumza na daktari kuhusu dozi ndogo inayotosha, lakini usimwachishe mtoto kimyakimya.

Chupa ya maji inaweza kusaidia

Mtoto akipuliziwa dawa moja kwa moja mdomoni, nyingi huishia kooni. Anahitaji spesa, yaani chemba inayoshika dawa wakati yeye anapumua. Kama haipatikani, chupa ya plastiki ya mililita 500 inaweza kutumika. Utafiti uliofanyika Cape Town, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 1999 kwa watoto wa miaka 5 hadi 13 ulionyesha kuwa chupa hiyo ilisaidia sawa na spesa ya dukani, ilimradi tundu la kuingizia pampu lizibwe vizuri pembeni. Mtoto mdogo zaidi anahitaji spesa yenye barakoa.

Tikisa pampu, bonyeza pafu moja, mtoto avute na kutoa pumzi taratibu mara tano. Kisha tikisa tena kabla ya pafu linalofuata.

Dawa ya mzio si dawa ya pumu

Mtoto akikutana na kitu kinachomletea mzio, mwili humwaga kemikali iitwayo histamini. Hiyo ndiyo inayoleta chafya, macho kuwasha na pua kuchuruzika. Dawa ya mzio huwahi kukaa kwenye siti ya histamini, na histamini ikifika inakuta gari limejaa.

Zilizoandikwa cetirizine au loratadine hutumika mara moja kwa siku na hazilewishi sana. Chlorpheniramine, ya siku nyingi, huingia kwenye ubongo na kuleta usingizi. Mtoto kulala baada ya kuinywa hakuna maana kwamba kifua kimefunguka. Dawa hizi hazilegezi misuli ya mirija, hivyo usizitegemee mtoto anapobanwa.

Usisubiri asubuhi

Mpeleke hospitali mara moja kama hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinabonyea kila anapovuta hewa, midomo inabadilika rangi, au pampu ya nafuu haisaidii. Endelea kumpa pampu hiyo njiani. Idadi ya mapafu mwombe daktari akuandikie mapema, na karatasi hiyo ikae pamoja na pampu.

Ukienda kliniki safari ijayo, beba pampu zote mbili, kisha mwache mtoto amwonyeshe muuguzi anavyovuta.